Betri ya sola inasoma volti 12.4, lakini saa mbili na nusu usiku taa zinazimika: niongeze ya pili?

Mama Neema: Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Nina betri ya maji ya volti 12, ampia-saa 100, pamoja na paneli ya wati 100. Kwa miezi minane ilituwashia taa nne na televisheni ndogo hadi saa tano usiku. Tangu masika yaanze, ifikapo saa mbili na nusu inveta inalia na kila kitu kinazimika, watoto wakiwa katikati ya kazi za shule. Jioni, kabla ya kuwasha chochote, mita inasoma volti 12.4, kwa hiyo naona umeme umo. Aliyeniuzia anasema niongeze betri nyingine kando yake. Je, ni kweli?

Fundi wa Sola: Mama Neema, usinunue kwanza. Betri iliyopumzika huficha ugonjwa wake. Washa vyote, subiri dakika kumi, kisha pima kwenye vichwa vya betri yenyewe.

Mama Neema: Nimepima. Mzigo wote ni kama wati 60, na volti zimeshuka hadi 10.4.

Mwalimu wa Fizikia: Namba hizo zinaeleza mengi, dada yangu. Wengi huichukulia betri kama tangi ambalo umeme humiminwa mchana na kuchotwa usiku, lakini ndani yake kuna mabamba ya risasi, mabamba ya dioksidi ya risasi, na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwa maji. Unapowasha taa, risasi ya upande wa hasi humenyuka na asidi na kuachia elektroni, na kwa kuwa elektroni hizo haziwezi kupita ndani ya asidi, hulazimika kuzunguka kwa njia ya waya, zikapita kwenye taa yako, hadi upande wa chanya unaozipokea. Mabamba yote hugeuka polepole kuwa salfeti ya risasi na asidi huzidi kuwa maji. Mchana paneli huyarudisha yalivyokuwa. Gaston Planté alitengeneza betri ya namna hii mwaka 1859, na kanuni yake ni ile ile.

Betri yako imegawanyika ndani katika vyumba, kila kimoja kikiwa na mabamba na asidi yake. Kila chumba hutoa takriban volti 2.1, nawe una vyumba sita vilivyofuatana, ndiyo maana betri iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Wati 60 kwa volti 12 ni mkondo wa ampia 5. Volti 2 zilizopotea ukizigawanya kwa 5 unapata ukinzani wa ndani, yaani kizuizi cha mkondo ndani ya betri yenyewe, wa omu 0.4, wakati betri yenye afya ya ukubwa huo huwa karibu na omu 0.01. Volti 2 ni kama chumba kimoja kizima, kwa hiyo nashuku kuwa chumba kimoja kimeharibika.

Fundi wa Sola: Nakubaliana na Mwalimu. Ichaji kwanza, kisha fungua vifuniko na upime kila chumba kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa asidi ukilinganishwa na maji, ukiwa mahali penye hewa, mbali na moto, macho yamekingwa. Maji yakipungua, ongeza yale yaliyokenekwa tu. Madukani asidi nayo huitwa maji ya betri, kwa hiyo soma chupa vizuri.

Mama Neema: Nimepima leo mchana. Vyumba vitano vimesoma kati ya 1.23 na 1.24. Cha tatu kimesoma 1.12, na vichwa vya mabamba yake vimetokeza juu ya maji, vina weupe kama chokaa.

Fundi wa Sola: Weupe huo ni salfeti iliyoganda, na chumba hicho hakitafufuka. Hata vile vitano havikujaa, kwani vingefika 1.26. Matumizi yako, wati 60 kwa saa tano, ni wati-saa 300, na betri ya ampia-saa 100 huyamudu bila kushuka chini ya nusu. Kilichopungua ni paneli: siku za mawingu haikurudisha ulichotumia, betri ikalala na njaa wiki nzima. Ukiunganisha betri mpya na hii mbovu, ya zamani itaifyonza mpya, na paneli ile ile italisha mbili. Badilisha betri hiyo moja, kisha fedha ya betri ya pili nunulia paneli nyingine ya wati 100. Angalia pia kidhibiti chaji, kile kifaa kilicho kati ya paneli na betri, kimeandikwa ampia ngapi, kwa sababu paneli mbili zitaleta karibu ampia 11, na cha ampia 10 hakitatosha.