Viwanda vya minofu Mwanza vinatusainisha barua za "kuacha kazi", fao la kukosa ajira tunalikosa. Serikali iko wapi?

Wakuu, salamu.

Sangara wamepungua ziwani, hilo kila mtu wa Mwanza analijua. Viwanda vinachakata chini ya uwezo, zamu zinafutwa, mwisho watu wanapunguzwa. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni namna tunavyotolewa huku wenye mamlaka ya kazi wakiangalia tu.

Kiwandani kwetu, jina nalihifadhi, tuliitwa ofisini mmoja mmoja. Mezani kuna barua imeshachapwa: mimi fulani naomba kuacha kazi kwa hiari yangu kutokana na sababu za kifamilia. Imebaki nafasi ya jina na sahihi. Wakata minofu wote, sababu ile ile, siku ile ile. Ukigoma, mshahara wa mwezi huo hautoki. Kuna mama tuliyekuwa naye meza moja, vidole vimechanika kwa barafu, kusoma kunamsumbua. Alisaini akidhani anasainia mshahara. Alipoambiwa nje kwamba kazi imeisha, alikaa chini palepale getini na buti zake nyeupe miguuni.

Sasa sikilizeni kwa nini barua ile ni wizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, akae na wafanyakazi au chama chao wajadiliane. Halafu alipe kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Yaani mtu wa miaka 10 anadai mshahara wa siku 70. Ukiacha mwenyewe, malipo ya hizo siku 70 anabaki nayo mwajiri.

Na haiishii hapo. Mwaka 2018 Serikali ilifuta fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako ukitoka kazini, wakatuambia tusilie, lipo fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa mshahara wa laki tatu ni kama laki moja kwa mwezi. Ndogo, lakini ni kodi ya chumba Mabatini na unga wa watoto. Masharti yake uwe umechangia angalau miezi 18, na uwe HUJAACHA kazi mwenyewe. Nimefika dirishani kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, kijana akafungua kompyuta, akaniambia, "Mama, hapa inasoma umeacha kwa hiari." Wengine wamekuta michango yao ina mashimo, miezi inarukwa, wakati kwenye mshahara walikatwa kila mwezi. Hela yetu!

Januari 2024 Rais alikuja hapa Mwanza kukabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki, vyote vya mkopo. Ni jambo jema, siwezi kulibeza. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi nayo ipo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ila hiyo yote ni mikopo, na inataka kikundi. Mtu aliyetolewa kazini jana anahitaji haki aliyokwisha kuichangia. Hatuombi msaada. Mfuko ukiona barua zenye maneno yale yale kutoka kiwanda kimoja kwa mwezi mmoja, usimamishe, umuulize mwajiri. Afisa kazi aingie ndani ya kiwanda aongee na wafanyakazi, asiishie kunywa chai kwa meneja. Na asiyepeleka michango adaiwe yeye. Kwa nini mfanyakazi ndiye atumwe kukusanya hati za mishahara za miaka?

Kwa waliosainishwa juzijuzi: kulazimishwa kuacha kazi sheria inakuhesabu umeachishwa. Mna siku 30 tu kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Jazeni fomu namba 1, mwajiri apewe nakala na asaini kuipokea. Siku zikipita, itabidi muombe kwanza kuongezewa muda na kueleza mlichelewa kwa nini. Nendeni kwa pamoja, na kila mwenye picha ya ile barua kwenye simu asiifute.