Naomba ushauri: nina milioni 6 za amplifaya na spika, waya wa spika ninunue upi?

Kisima2 (mtoa mada)
Wakuu habari za jioni. Nimejichanga hadi nikafikisha milioni 6, nataka kuachana na sabufa nisikie muziki wenyewe. Nimepata amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1990 na spika za kusimama, kila moja ina wufa (koni za besi) mbili za inchi 8. Kuna jamaa ananiambia nisipoweka waya wa spika wa laki 8 nimetupa hela. Na nyumbani wananiona nimechanganyikiwa. Kama hivi vitu ni vizuri kweli, mbona wanaovipenda ni wachache hivi? Usingizi siupati.

fundi_solda
Waya chukua wa shaba tupu, milimita 2.5 za mraba, wenye nyuzi nyingi laini. Unauzwa kwa mita kwenye maduka ya umeme. Mita 3 kwenda na 3 kurudi zina ukinzani wa kama omu 0.04, spika ni omu 8. Tofauti hiyo huwezi kuisikia. Kuwa makini na alumini iliyopakwa shaba: kwangua kwa wembe, ukiona weupe ndani usinunue. Laki 8 baki nazo. Sasa tuambie, chumba kina ukubwa gani?

MamaZuhura
Mwanangu, umeshalipa kodi ya nyumba? Hela ya kujichanga ni ngumu, isiishie kwenye kitu ambacho siku ukikwama huwezi kukiuza hata kwa nusu bei.

Tumbatu77
Mimi nijibu hilo la wachache, maana watu hukimbilia kusema ni bei. Bei ipo, ila kinachowashinda wengi ni kiti. Stereo ikipangwa inavyotakiwa ina kiti kimoja: spika mbili na kichwa chako vinaunda pembetatu yenye pande sawa, twita (vispika vya mlio wa juu) zikiwa usawa wa masikio. Hapo ndipo mwimbaji anasimama katikati na unajua mpiga gitaa yuko upande gani. Sogea nusu mita kushoto, wote wanahamia kwenye spika ya kushoto. Sebule zetu zina makochi kuta tatu, TV ukuta wa nne, na wageni wanakaa popote. Sabufa yenye fleshi na bluetooth inawatosha wote kwa pamoja, na haimdai mtu chumba. Halafu utaenda wapi usikilize spika za maana kabla ya kununua, ukazirudisha zikikataa nyumbani kwako? Wengi wananunua kwa kusoma sifa tu.

Kisima2
Shukrani mkuu. Chumba ni cha kawaida tu. Vipi kuhusu amplifaya, wati 100 zinatosha au nitafute ya 200?

fundi_solda
Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Spika inayotoa desibeli 86 kwa wati moja ukiipima kutoka mita 1, ukikaa mita 2 kutoka kwake, kwa kusikiliza kwa kawaida inakula kama wati moja. Zilizobaki ni za vile vishindo vya ghafla vya ngoma. 100 zinatosha na chenji inabaki. Ila swali langu umeliruka. Chukua futi kamba, pima.

Kisima2
Sawa. Mita 3.4 kwa 3.4. Ni cha kupanga, chini tailizi, silingi ya jipsamu mita 2.7, kitanda kimo humo humo, na ukuta mmoja napakana na jirani. Advansi ya milioni 2 nimeshatoa na hairudishwi. Lakini wakuu, spika kubwa ukizifungulia kidogo si ndiyo zinatulia? Na ukutani nitabandika trei za mayai kama wanavyofanya studio.

Tumbatu77
Hapo sasa ndipo hela yako inapoishia. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba, 6.8, unapata Hz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde: hiyo ndiyo noti ya besi ambayo chumba chenyewe kinaivumisha. Kwa kuwa upana nao ni 3.4, Hz 50 nyingine inakaa juu ya ile ile. Mraba ni kati ya maumbo mabaya zaidi. Ukikaa katikati ya chumba, besi ya Hz 50 inatoweka. Ukilala kichwa kikiwa ukutani, inavimba mpaka noti moja inafunika gitaa zima la besi. Na kupunguza sauti hakusaidii, uwiano unabaki ule ule. Wufa nne za inchi 8 humo ndani zitachochea hilo hilo zaidi.

fundi_solda
Trei za mayai ziache. Wimbi la Hz 50 lina urefu wa karibu mita 7; karatasi nyepesi hailigusi, inapunguza kidogo mlio wa juu na inashika moto upesi. Tafuta paneli za sufi ya mwamba (rockwool, nyuzi za mawe zilizoshindiliwa), unene sentimita 10, sentimita 60 kwa 120, nne. Funika kwa kitambaa unachoweza kupulizia hewa ikapita, simamisha pembe nne ukiacha uwazi wa sentimita 10 nyuma. Hata hizo zinapunguza mvumo, hazimalizi. Zulia nene liweke kati yako na spika. Kiti kikae kama mita 1.3 kutoka ukuta wa nyuma. Spika ikiwa sentimita 80 kutoka ukuta wa nyuma yake, kutakuwa na shimo karibu na Hz 107, yaani sauti ya hapo inapotea, kwa hiyo isogeze kidogo kidogo mpaka sauti ya kiume isikike nzito bila kuvuma.

MamaZuhura
Na jirani? Besi haizuiwi yote na tofali wala dirisha la alumini. Kaongee naye kabla hujaingiza mzigo ndani.

ChumaChaReli
Samahani wadau, mimi naona hii ni chai. Au ni dalali anapasha soko. Amplifaya nyingi zilizouzwa ndani ya Japani ni za volti 100. Huku kwetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja inavuta nguvu kama mara tano, fyuzi inakatika hapo hapo. Mtoa mada aliisikiliza wapi mpaka akatoa milioni 2? Weka picha ya kibati cha nyuma.

Tumbatu77
Kweli, picha iwekwe. Mada za matangazo zimezidi humu.

Kisima2
Si chai wala mimi si dalali. Picha hiyo hapo: 100V, 50/60Hz, na 260W za umeme inaokula. Niliisikiliza dukani robo saa, ikapiga safi. Chini ya meza kulikuwa na boksi zito la chuma, nikajua ni stabilaiza. Duka silitaji.

ChumaChaReli
Hilo boksi ndilo transfoma ya kushusha umeme. Chai nimeifuta. Lakini mbona hakukuambia?

Kisima2
Hakuniambia kwa kuwa sikuuliza. Amplifaya naichukua, hilo limeisha. Spika nimemwomba anibadilishie za rafu, wufa ya inchi 6. Jibu Ijumaa. Nikienda niangalie nini?

fundi_solda
Boksi liingie kwenye bei, na liwe la VA 500 (uwezo wa transfoma, karibu kama wati) au zaidi. Usikubali vile vikonveta vyepesi vya safari. Fyuzi iwe halisi, ikiwa imefungwa kwa waya ondoka. Beba maltimita: spika zikiwa zimechomolewa, washa, subiri dakika 10, pima volti za DC (umeme kama wa betri) kwenye tundu za spika kila upande. Ikizidi milivolti 50 kuna kazi ya fundi humo. Zungusha voliyumu taratibu usikilize mikwaruzo. Kwenye wufa, gusa ukingo unaoshika koni. Raba inanyumbuka, ichukue. Sponji ikibaki na unga kidoleni imeshakwisha, joto na unyevu wa Dar vinaimaliza upesi.

Kisima2
Sufi ya mwamba Kariakoo naipata mtaa gani?