Tupeane uzoefu: AC ya gari lako ilikutesaje, na kumbe kibovu kilikuwa nini?

DerevaWaKireka

Wakuu, habari za jua. Ndani ya Kampala mtu anaweza kushusha vioo akavumilia, lakini mimi kazi inanipeleka Gulu na Elegu kila baada ya wiki mbili. Januari ukishavuka Karuma, kushusha kioo ni kujifungulia mlango wa tanuri.

Mwaka jana nilijaziwa gesi mara tatu ndani ya miezi minane. Fundi ni yuleyule wa kando ya barabara: anachomeka mpira wa bluu, anafungua kopo, baridi inakuja, nalipa, naondoka nikipiga mluzi. Wiki sita saba hivi, joto limerudi. Mara ya nne nikaenda kwa fundi mwingine, Ndeeba. Huyo kopo hakuligusa. Aliniuliza tu, "Ile ya kwanza imekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Gesi ya AC haichomwi ikaisha kama petroli, inazunguka humohumo ndani ya mabomba. Ikiisha kwa wiki chache, ina mlango inakotokea. Akapiga tochi kwenye kondensa, ile kama rejeta inayokaa mbele kabisa. Kona ya chini, kule kokoto za murram zinakorushwa na gari lililo mbele yako, palikuwa na doa la mafuta lililoshikana na vumbi jekundu. Mafuta ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, husafiri pamoja na gesi, ndiyo maana panapovuja hunata. Akapaka povu la sabuni, likaanza kutoa mapovu madogomadogo. Kondensa ya mtumba tukaipata soko la vipuri la Kisekka, oringi (pete za mpira za kuziba maungio) mpya, na draya, kile kikopo kinachonyonya unyevu, mpya (hapo nilitaka kubana pesa, akakataa). Mpaka leo sijarudi.

Haya, semeni zenu. Dalili, mlichouziwa bure, na kilichokuwa kibovu kweli.

MamaEntebbe

Mwanangu, yangu ilikuwa ya kuringa. Entebbe mpaka Kajjansi baridi safi, nikifika foleni ya Kibuye inapuliza kama pumzi ya ng'ombe. Foleni ikifunguka, baridi tena. Fundi wa kwanza akasema kompresa imekufa. Nikamwuliza, iliyokufa inafufukaje kila nikikanyaga mafuta? Akaniona mjuaji.

Mdogo wangu ndiye alinisaidia, na hata si fundi. Aliwasha gari, akaweka AC ya mwisho, akamwagia kondensa maji polepole kwa mpira wa bustani. Dakika chache tu ndani kukapoa. Maana yake gesi ipo na kompresa inasukuma, kinachokosekana ni upepo wa kuondoa joto. Gari likienda upepo unaupata bure, likisimama unategemea feni. Feni haikuwa inazunguka, brashi za mota zimeisha. Juu ya hapo kondensa ilikuwa imezibwa na vile vidudu vya ziwani vinavyoruka kama moshi jioni, vimekauka humo kama dagaa. Tuliosha kwa maji ya taratibu, si ile mashine ya kuoshea magari, inakunja mapezi ya kondensa.

WaKule_Arua

Yangu si ya kucheka. Fundi mmoja mpakani alinijazia kutoka mtungi mdogo usio na maandishi, bei nusu. Baridi ikawa kali kuliko zamani, nikamsifu kwa watu. Mwezi wa pili naingia garini asubuhi, nasikia harufu ya jikoni. Nikadhani nimemwaga kitu. Kumbe aliniwekea gesi ya kupikia, na evapo, ile inayopoza hewa nyuma ya dashibodi, ilikuwa inavuja ndani ya gari nililofunga vioo. Na mimi wakati ule nilikuwa mvutaji.

Ni kweli gesi ile inapoza, hawadanganyi. Lakini inashika moto, na mfumo uliotengenezwa kwa R134a, gesi ya AC ya magari mengi, haukupangiwa kitu cha kuwaka kikae mbele ya magoti yako. Ukipewa bei ya ajabu, omba kuona kopo.

FundiMpwani_Ndeeba

Salaam. Mimi ni wa kazi hiyo, nilianzia Mombasa, sasa niko Kampala. Nawapa aibu yangu mwenyewe.

Nilipofika huku nilinunua pampu mpya ya kunyonya hewa. Kabla ya kujaza gesi lazima uvute hewa na unyevu wote, nusu saa au zaidi, kwa sababu maji yakibaki huganda kwenye valvu na kuzaa asidi inayokula mabomba. Mombasa geji ilikuwa inashuka mpaka inchi 29 na kitu za zebaki. Kampala ikagoma kwenye 26. Nikabadilisha mipira, nikabadilisha oringi, nikarudi dukani kugombana na muuzaji karibu tushikane mashati. Mzee mmoja pale akanivuta pembeni: "Kijana, hapa si baharini." Kampala iko mita kama 1,200 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo mwisho wa geji ni hiyo 26. Kabale, kulikoinuka zaidi, utaona 24 hivi. Pampu haikuwa na kosa. Unachotazama ni kama mshale unakaa palepale ukishafunga valvu ya geji. Ukianza kupanda, kuna tundu.

Na kwa wanaopenda namba, R134a: gari likiwa limezimwa na limepoa, pande mbili za geji husoma sawa, kwa joto letu psi 80 na kidogo. Ikisoma 20, gesi imekwisha, usijadili. Injini ikiwaka, upande wa presha ya chini 30 hivi hadi 40, wa presha ya juu kati ya 150 na 250 kulingana na jua. Pande zote mbili zikiwa juu sana, tazama feni, uchafu, au fundi aliyeshindilia gesi kupita kiasi (huyo nakutana naye kila wiki). Chini imepanda na juu imeshuka, hapo ndipo naanza kuiogopa kompresa.

MzeeBombo

Mimi panya. Alikata waya wa klachi ya kompresa, ile inayoiunganisha na mkanda. Shilingi elfu tano, nikiwa nimeshaambiwa milioni.

Mbarara_Haibridi

Mzee, una bahati. Yangu ni haibridi, ya petroli na umeme, kompresa yake haina mkanda, inaendeshwa na umeme wa zile nyaya za rangi ya machungwa, volti mia mbili na zaidi. Fundi akaiwekea mafuta ya PAG ya magari ya kawaida. Mafuta hayo hupitisha umeme, na kompresa hizi zinataka mafuta ya esta. AC ilikufa, kisha gari lenyewe likakataa kuwaka, likidai umeme unavujia bodi. Nilinunua kompresa, tukasafisha kila bomba. Sitaki kusema nililipa ngapi, mke wangu husoma humu.

FundiMpwani_Ndeeba

Pole sana mkuu. Mimi geji na mipira ya haibridi naiweka kando, haichanganyikani na mingine.

Kasese_Chumvi

Samahani kwa kuchelewa, huku mtandao unakuja na kuondoka kama AC yangu. Upande wa dereva baridi, upande wa abiria moto. Nikiwasha, dashibodi inalia tik tik tik kama nusu dakika, kisha kimya. Fundi wa hapa anasema nijaze gesi.

FundiMpwani_Ndeeba

Ssebo, usijaze. Gesi pungufu huweza kweli kuleta baridi ya upande mmoja, lakini hiyo tik tik ni meno ya kimota kidogo kinachogeuza kilango cha joto na baridi. Yamekatika. Fungua kisanduku cha mbele ya abiria, weka mkono, usikilize inakotoka.

Kasese_Chumvi

Nimeweka mkono. Inatikisika. Pia nimekuta humo kichujio cheusi tii chenye majani makavu ambayo hayajawahi kuota Kasese.

MzeeBombo

Hayo ni ya Japani. Usiyatupe, yana logibuku.