Kisu cha randa ya marehemu baba kimegeuka buluu, naomba ushauri

Mrithi wa Sanduku (Tanga)
Habari za jioni wakuu. Baba alifariki mwaka jana akaniachia sanduku lake la kazi: randa mbili za chuma, patasi sita, msumeno, keekee ya mkono na randa ya umeme. Karakana yangu iko karibu sana na bahari. Masika yalipoingia, vyuma vyote vikaota kutu. Kisu cha randa kubwa nikakipeleka kwa jirani mwenye mashine ya kunolea. Kilirudi kinang'aa, ila mdomoni kina rangi ya buluu, na kwenye mninga hakimalizi hata ubao mmoja kabla ya kuwa butu. Randa ya umeme nayo inatoa cheche na harufu ya kuungua. Wengine wananiambia ninunue vipya. Hiki kisu sitaki kukitupa.

Seremala Mstaafu
Pole kwa msiba, kijana wangu. Usikitupe. Buluu maana yake chuma kilipata moto kwenye jiwe mpaka ugumu ukakitoka. Ila kilicholegea ni pale palipobadilika rangi tu, nyuma yake chuma ni kizima. Saga hiyo buluu yote iishe, hata kama utapoteza milimita 3. Weka kopo la maji pembeni, gusisha kidogo, chovya, gusisha tena. Shika kisu kwa vidole vitupu bila glavu, vikianza kuhisi joto, chovya. Mteremko wa mdomo wa kisu uache kwenye nyuzi 25, kisha malizia kwa mkono kwenye jiwe laini. Mgongo wa kisu nao ulaze bapa kwenye jiwe mpaka ung'ae, vijana wengi wanausahau. Kikinyoa malaika ya mkono, kimekubali.

Mama Karakana (Mombasa)
Huku kwetu chumvi ya hewani ni ile ile. Kutu ya sasa loweka kwenye siki usiku mmoja, vyuma vitupu bila mipini. Asubuhi sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, kausha juani papo hapo, paka mafuta ya cherehani. Ukichelewa kukausha, kutu inarudi mchana huo huo. Na usilaze randa na vumbi la mbao ndani. Vumbi hunyonya unyevu na kuushikiza kwenye chuma usiku kucha. Mimi nafuta kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta, hata nikiwa nimechoka vipi.

Fundi Mota
Kwa randa ya umeme, CHOMOA PLAGI kwanza. Fungua vifuniko viwili vya pembeni utoe kaboni, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Zikiwa chini ya milimita 6 hivi, badilisha zote mbili kwa pamoja, saizi ile ile. Puliza vumbi kwenye matundu ya hewa. Ukiwasha tena, angalia cheche: zikiwa ndogo pale kaboni inapogusa, sawa. Zikizunguka duara zima, zima haraka umpelekee msuka mota. Unatumia ekstensheni ya urefu gani?

Mrithi wa Sanduku (Tanga)
Mita 30, waya mwembamba, na huwa naiacha imeviringwa.

Fundi Mota
Hapo pana tatizo, mkuu. Waya mwembamba na mrefu hivyo unapunguza umeme unaofika, mota inahangaika na kupata moto. Tafuta waya mnene wa milimita za mraba 2.5, na uukunjue wote unapofanya kazi, maana ukiviringwa unajipika wenyewe.

Mrithi wa Sanduku (Tanga)
Wakuu, wiki mbili zimepita. Kaboni zilikuwa zimebaki milimita 4, nimeweka mpya na harufu imekwisha. Buluu nimeisaga kwa siku mbili, polepole. Leo kisu kimetoa maranda marefu kwenye mninga, membamba kama yale niliyokuwa nayaokota miguuni kwa baba. Asanteni sana. Kesho naanza mlango wa mvule.

Seremala Mstaafu
Mvule ukague kwanza. Baadhi huwa na vijiwe vyeupe ndani, ni chokaa ya mti wenyewe, kisu kikigonga hapo kinapasuka jino. Ukiona doa jeupe gumu, lichimbue kwa patasi ya zamani kabla ya kupitisha randa ya mzee.