Ekzosi ya mlio mzito bila kelele: nitoboe, ninunue fupi au nimpe mchomeleaji?

#1 Kokoto la Igogo
Wakuu heshima kwenu. Ekzosi ya pikipiki yangu imefika mwisho, Jumamosi nashuka mjini Mwanza kuishughulikia. Badala ya kufunga tena kama ya kiwandani nimeona hapohapo nibadilishe na mlio. Sitaki kelele, naomba nieleweke. Nataka mlio mzito, ule wa kifuani, wa pikipiki kubwa. Nina njia tatu kichwani: kuitoboa hii ya zamani, kununua zile fupi za duara, au kumpa mchomeleaji mmoja aniundie. Ipi bora? Waliowahi kufanya tu tafadhali.

#2 Fundi Plagi
Pikipiki gani? cc ngapi? Ya boda au ya kwendea kazini? Mfukoni una ngapi? Na "imefika mwisho" ndiyo nini: imeoza, imeziba au imekatika? Umeandika aya nzima hata jina la pikipiki hujataja.

#3 Sangara Mbichi
Chukua fupi ya duara mkuu, hayo maswali mengi achana nayo. Mimi nimefunga kwenye pikipiki yangu ya TVS, mwaka wa pili huu. Nikiwa bado Butimba, kijiwe cha Mkuyuni wanajua nakuja.

#4 Mama Pacha Mabatini
Mdogo wangu Sangara, nani huko Mkuyuni aliomba kujua kwamba unakuja? Sisi wa mlimani nyumba zetu ziko juu ya mawe. Pikipiki ikipita barabarani huko chini, sauti inagonga jiwe hili, inarudi jiwe lile, inaingia dirishani utadhani mtu kaiwashia sebuleni. Saa kumi alfajiri wanapoanza kuwahi soko la samaki la Mwaloni, pacha wangu mmoja anaamka. Huyo akilala, anaamka wa pili.

#5 Sangara Mbichi
Shikamoo mama. Mimi alfajiri nikifika mtaani nazima, nashuka na mteremko kimyakimya.

#6 Mama Pacha Mabatini
Marahaba. Na kupanda?

#7 Kokoto la Igogo
Samahani wakuu, niliandika haraka. Ni Boxer 150, ya kabureta, nilinunua mkononi kwa mtu. Siyo ya boda. Asubuhi nachukua samaki Mwaloni napelekea wateja wangu, jioni ndiyo natembelea. Nina laki na ishirini, ufundi ukiwa humohumo.

#8 Fundi Plagi
Haya, sasa tunaongea. Uzito wa mlio na ukubwa wa sauti ni vitu viwili, na wengi wakitafuta cha kwanza wanarudi nyumbani na cha pili.

Injini yako ni ya silinda moja, mipigo minne. Inalipuka mara moja kila mizunguko miwili. Ukiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika hiyo ni milipuko 50 kwa sekunde. Ikiwa sailensa, yaani imewashwa bila kupewa mafuta, tuseme mizunguko 1,400, haifiki hata 12. Huo ndio mlio mzito, na tayari upo, hauuzwi dukani. Juu yake kuna mikwaruzo: moshi unaotoka kwa kasi, bati linalotetemeka, zile sauti kali zinazochoma sikio. Ekzosi ya kiwandani ndani ina vyumba na vimirija, moshi unaingia chumba hiki, unageuka, unarudi, na mawimbi ya sauti yanakutana yanauana. Ukipitisha drili kwenye kuta za hivyo vyumba, mikwaruzo yote inatoka nje kama ilivyo. Utapata sauti ya debe.

Kuna aina nyingine, ya pamba. Ndani ni bomba moja lenye matundu madogo mengi, limezungushiwa pamba ya nyuzi za kioo. Ile pamba inameza sauti kali vizuri zaidi kuliko sauti nzito, kwa hiyo kinachobaki ndicho unachokitafuta. Lakini lazima iwe ndefu na nene kidogo. Nyingi ya hizo fupi pamba yake ni kiduchu, inaungua na kupeperuka na moshi, baada ya muda unabaki na bomba tupu. Ndiyo maana Sangara anasikika Mkuyuni.

#9 Sangara Mbichi
Yangu ni nzima, usiisemee.

#10 Fundi Plagi
Izime ipoe, igonge kwa spana. Ikilia kama kengele ya shule, humo hamna pamba.

#11 Mzee wa Jeti
Mnasahau kitu kimoja vijana. Injini ndogo inataka presha ya kurudi. Ukiiachia wazi ekzosi nguvu ya chini inakimbia, na kilima cha Bugando na mzigo wa samaki utakipanda kwa gia ya kwanza huku unasukuma na miguu.

#12 Fundi Plagi
Mzee wangu shikamoo. Nguvu kupungua ni kweli, sababu ndiyo siyo hiyo. Hakuna injini inayofaidika kwa kubanwa pumzi. Moshi ukitoka kwa kishindo unaacha mvuto nyuma yake, na huo mvuto unasaidia kutoa moshi uliobaki kwenye silinda. Urefu na upana wa bomba ndio unaopanga mvuto ufike saa ngapi. Bomba pana na fupi linaufikisha wakati si wake, basi huku chini pikipiki inalegea.

#13 Mzee wa Jeti
Marahaba. Wewe unaita mvuto, mimi naita presha, kilima bado hakipandiki. Na jeti je, kile kitundu cha kabureta kinachopima mafuta? Ekzosi ikiwa wazi hewa inazidi mafuta, injini inachemka, valvu ya moshi inaungua. Ingawa huku kwetu ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo kabureta ya kiwandani tayari inaelekea kuzidisha mafuta kidogo. Nimeona pikipiki zimebadilishwa ekzosi hapa na jeti haikuguswa, zikadumu. Nyingine zilikufa.

#14 Fundi Plagi
Hapo tuko pamoja mzee. Kokoto, ukifunga chochote kipya tembea nayo siku mbili tatu, toa plagi uiangalie ncha. Rangi ya kahawia sawa. Nyeupe, ongeza jeti. Masizi meusi, punguza.

#15 Ngosha wa Kisesa
Kaka Kokoto, hiyo ya mchomeleaji niulize mimi.

Mwaka jana nilimpa fundi mmoja, mtaa sitaji. Kufungua ekzosi ya zamani, zile nati mbili za kwenye hedi, kichwa cha injini, zimeshika kutu. Badala ya kuzimwagia mafuta na kusubiri, akapanda na spana ndefu. Ya kushoto ikatoa sauti "ti", nikafurahi nikijua nati imelegea. Kumbe ni stadi, ile skrubu inayoshika nati, imekatikia ndani ya hedi. Akaniambia hamna shida, itakaa na nati moja. Nikakubali, mjinga mimi. Mshikio wa nyuma akaufunga kwa waya, ule wa kufungia nondo.

Siku ya kwanza raha tupu. Nilipita Nyakato mara tatu sina hata abiria. Wiki ya pili ikaanza kupiga baruti kila nikiachia mafuta, pa! pa!, hewa inaingia penye gasketi upande usio na nati. Mbwa wa Kisesa wote walinijua. Hayo ningeyavumilia.

Wiki ya nne nimembeba mama mmoja, mteja wangu wa kila siku, namtoa Igoma sokoni. Bati la kukinga joto fundi hakulirudisha, alisema linaharibu muonekano. Mama anashuka, kashika mfuko wa nyanya, shavu la mguu likagusa bomba. Ngozi ilibaki pale wakuu. Ilibaki kwenye bomba inafuka. Yeye hakupiga kelele, alikaa tu chini na nyanya zake.

Nilimlipia matibabu. Kila baada ya siku mbili nampeleka kubadilisha bandeji, bure, na njia nzima hatuongei. Alipopona akahamia kwa dogo mwingine wa kijiwe chetu. Ile stadi nayo, ilibidi hedi ishushwe, itobolewe, ikatwe nyuzi upya. Nilitumia zaidi ya bei ya ekzosi ya kiwandani. Na ile yangu ya kiwandani nilishawapa watu wa vyuma chakavu.

#16 Mama Pacha Mabatini
Pole yake jamani. Anatembea vizuri sasa?

#17 Ngosha wa Kisesa
Anatembea mama. Kovu ukubwa wa kiberiti. Ananisalimia, ila hapandi.

#18 Nyegezi Stendi
Mbona hamuongelei trafiki? Mlio ukizidi unasimamishwa. Ingawa tangu 2021 faini ya bodaboda ilishushwa toka 30,000 hadi 10,000, siyo kifo.

#19 Mzee wa Jeti
Elfu kumi si hoja. Hoja ni nusu saa juani unabembelezana, na tenga la samaki liko nyuma yako. Ila kelele hazihusu trafiki peke yao, kuna NEMC pia, wale wa mazingira.

#20 Sangara Mbichi
NEMC wahangaike na baa kwanza. Jirani yangu ana spika zimefika kiunoni.

#21 Nyegezi Stendi
Na zile mashine za mitumbwi alfajiri je? Mbona hizo hamzisemi?

#22 Mama Pacha Mabatini
Mtumbwi unaondoka unaenda ziwani, mwanangu. Haupandi mlimani kwangu.

#23 Mtu wa Busisi
Mnabishana mlio na hakuna aliyeuliza unasikilizwa wapi. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025 nalivuka na pikipiki karibu kila siku. Kilomita 3 pembeni maji matupu, hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Ekzosi ya rafiki yangu pale juu inanguruma kistaarabu kabisa. Ikifika Igogo katikati ya mawe na mabati inakuwa nyingine, unatamani ushuke utembee. Kokoto, unakoishi ndiko pa kujaribia, usidanganyike na muuzaji anayekuwashia barabarani. Zamani pale Kigongo tulikuwa tunasubiri kivuko, ekzosi zote zimepangwa mstari, unazikagua moja moja huku unakula samaki wa kukaanga. Sasa unapita tu.

#24 Sangara Mbichi
Wale samaki wa Kigongo bwana!

#25 Fundi Plagi
Turudi kwenye mada. Kokoto, kwa laki na ishirini ningekwambia nunua ya kiwandani, halisi. Dukani zibebe mbili mkononi, halisi na ya kuiga. Nyepesi ni bati jembamba, iache. Ila bado hujajibu swali langu la kwanza kabisa. Hiyo yako ina nini?

#26 Kokoto la Igogo
Wakuu nimerudi. Leo nimeifungua, nati nilizimwagia mafuta tangu jana usiku kwa kumuogopa Ngosha. Chini ya tumbo kuna tundu la kutu, sarafu ya mia mbili inapita. Na pembeni yake kama kumeoza oza, ukikwangua kwa bisibisi linakuwa unga.

#27 Fundi Plagi
Lilianza lini?

#28 Kokoto la Igogo
Sijui, nimeliona leo. Ila mlio ulianza kunoga kama wiki tatu zilizopita. Ndiyo nikapata hili wazo.

#29 Mzee wa Jeti
Hahahaha. Kijana anataka kununua kutu.

#30 Fundi Plagi
Kwa hiyo huo mlio wa kifuani uliokupendeza ni tundu. Usijali, si wewe wa kwanza. Swali lingine: samaki unabebaje?

#31 Kokoto la Igogo
Boksi la plastiki kwenye keria, na barafu. Lina tundu la kutolea maji.

#32 Fundi Plagi
Upande gani?

#33 Kokoto la Igogo
Kona ya kulia.

#34 Fundi Plagi
Ekzosi ya Boxer iko wapi?

#35 Kokoto la Igogo
Daah.

#36 Ngosha wa Kisesa
Kila asubuhi unaimwagia maji ya barafu ikiwa ya moto. Rangi inabanduka, chuma kinabaki uchi, kutu inakula. Hata ununue ya dhahabu.

#37 Fundi Plagi
Na kitundu kidogo cha chini cha kiwandani, kile cha kutolea maji ya ndani, nahisi kimeziba tope. Chungulia. Kwa hiyo kabla ya duka la ekzosi, nenda kashughulikie boksi. Unganisha mpira wa maji upite kushoto, ushuke mpaka chini ya mnyororo.

#38 Mzee wa Jeti
Usiupitishe juu ya mnyororo, utaukata. Nyuma ya mnyororo. Na hilo tundu linachomeleka, bati la kiraka na moto mdogo, usikimbilie kununua.

#39 Fundi Plagi
Mzee, pembeni kumekuwa unga, utachomelea wapi?

#40 Mzee wa Jeti
Unakata mpaka ufike kwenye chuma kizima. Tumechomelea zilizooza kuliko hiyo.

#41 Kokoto la Igogo
Sasa nichomelee au ninunue? Na ile ya pamba ndefu, ikipatikana?

#42 Nyegezi Stendi
Mimi naona tatizo ni boksi lenyewe. Tumia tenga na majani ya mgomba.

#43 Sangara Mbichi
Tenga litamwaga maji pande zote mbili sasa, ataoza mpaka rimu. Kokoto, sato unauzaje kilo?

#44 Kokoto la Igogo
Inategemea na siku mkuu, nitafute inboksi.

#45 Mama Pacha Mabatini
Kama unapita Mabatini kesho niletee wawili wa kukaanga, wa wastani. Usipige honi. Nitakusikia.