Tuliozaa wanajeshi tukutane hapa: simu ikikaa kimya unaishije?

Mama Koplo
Habari zenu wapendwa. Majina ya vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, wale wanaomaliza kidato cha sita, yametoka, na jirani yangu tangu jana hali wala hanywi. Binti yake kapangiwa Bulombora, Kigoma, na sisi tupo Lindi. Nimekwenda kumbembeleza, nimerudi nyumbani usingizi umenikataa mwenyewe. Wake atamaliza mafunzo aende chuo. Wangu wawili walianza hivyo hivyo na hawakurudi tena uraiani: mkubwa alipita depo, ile kambi ya mafunzo ya jeshi ya Kihangaiko, sasa ni koplo, na mdogo wake wa kike akamfuata.

Watu wanajua kutupa hongera. "Watoto wana ajira ya uhakika, mama." Ni kweli na namshukuru Mungu. Ila sijasikia mtu akiuliza unaishije pale mtoto anapokwambia "Mama, tunasafiri", ukiuliza wapi anabadilisha mazungumzo. Mimi nimeacha kupanga jambo lolote lenye tarehe. Mahari, kipaimara, harusi ya binamu yao, likizo ikifutwa imefutwa. Baba yao tulimzika mkubwa akiwa Darfur, Sudan. Alikuja kuliona kaburi limeshajengewa, akakaa pale tangu asubuhi mpaka tukampelekea chai.

Tupeane uzoefu. Nyie mnafanyaje?

Shangazi Songea
Hiyo ya kaburi nimeisoma nikaweka simu chini kwanza. Kila neno ni kweli.

Mama Pili
Shikamooni wakubwa. Sikuwa na nia ya kuandika humu ila hayo ya "tunasafiri" yamenirudisha mbali.

Wangu alikuwa Beni, Kongo, kulinda amani mwaka 2017. Kule namba zao zinaanza na +243, na mimi nikiona hizo tarakimu kwenye kioo cha simu naacha lolote ninalofanya. Mara nyingi alikuwa anabipu tu, nikajua yupo.

Kambi yao ya Semuliki ilivamiwa Alhamisi jioni, tarehe 7 Desemba. Mimi nilisikia Ijumaa redioni, nipo dukani nampimia mteja mchele. Mtangazaji akasema walinda amani wa Tanzania wameuawa. Nimeendelea kumimina mchele mpaka ukajaa sinia la mzani ukamwagika, yule mteja akanishika mkono.

Nikapiga. Yule dada wa mtandao wa Kongo anaongea Kifaransa. Sijui Kifaransa, lakini ile sentensi yake naweza kuisema mpaka leo. Nimempigia mchana, nimempigia usiku, nimempigia baada ya sala ya alfajiri, ni yule yule.

Jumamosi ilikuwa 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru. Gwaride linaonyeshwa mubashara, vijana wamenyooka, bendi inapiga. Wadogo zake wakataka kuzima televisheni nikawakatalia. Nilikuwa natazama nyuso za wale vijana mmoja mmoja, nikiwaza kila mmoja hapo ana mama.

Jumapili simu ikaita, namba nisiyoijua. "Mama, ni mimi." Nikapiga kelele nyumba nzima ikakimbilia chumbani. Yeye hakufurahi. Akasubiri nikanyamaza, akasema: "Mama, naomba uende kwa mama yake..." akataja jina la mwenzake waliyekuwa wanalala hema moja. Nikaelewa.

Nilikwenda. Nimekuta watu wa kikosi wameshakaa sebuleni, kofia magotini, na yule mama yupo chini anashika pindo la kanga yake analikunja na kulikunjua. Kina mama, kuna furaha huwezi kuionyesha mahali popote. Mwanangu mzima, nimekaa pembeni ya aliyefiwa, na yeye anajua watoto wetu walikuwa pamoja. Akanigeukia akaniuliza, "Wako amepiga?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Alhamdulillah." Neno hilo lilinivunja kuliko kilio.

Walikuwa vijana 14 walioletwa kwa majeneza na kuagwa pale Upanga. Yule mama ni ndugu yangu sasa. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nakwenda kwake na sisubiri kualikwa.

Kijana wa Tabora
Mama Pili, Mungu akutunze. Mimi ni mjeda, nipo kikosini nasoma hapa kimya kimya. Nampigia mama sasa hivi.

Mama Koplo
Mpigie mwanangu. Usimtumie meseji, mpigie.

Nyina wa Sajini
Sisi huku Kenya tuna yetu. Kambi ya jeshi letu ya El Adde, Somalia, ilivamiwa 15 Januari 2016. Idadi haikutangazwa, kila familia ilibaki kuhesabu kivyake. Wa kwangu alikuwa kambi nyingine ndani ya Somalia, lakini kwa siku zile hakuna mama aliyejua wa kwake yupo kambi gani. Tulikuwa tunakutana kanisani, tukitazamana tu tunajua. Poleni dada zangu wa Tanzania, kilio chetu ni kimoja.

Mke Halali
Samahanini mama zangu, na sisi wake tupo. Mume wangu kwenye fomu za kazini ameandika jina langu kama mtu wa kupewa taarifa. Mama mkwe amelijua hilo mwaka huu, amenuna mpaka leo. Nauliza kwa heshima, kosa langu ni lipi?

Bi Mkubwa Tanga
Kosa halipo, mkwe. Lakini jiulize nani alimbeba miezi tisa.

Mke Halali
Na mimi nimebeba watoto wake watatu, Bi Mkubwa, naishi nao kota, yeye yuko nje ya nchi. Wakija kugonga mlango watagonga wangu.

Bi Mkubwa Tanga
Wakigonga wako, mimi nitapata habari kwa nani? Kwa jirani? Kwenye simu za watu?

Mama Koplo
Jamani tusigombane. Bi Mkubwa amesema jambo. Mke Halali naye amesema jambo. Kama fomu inapokea majina mawili, yaandikwe yote. Kama inapokea moja, mke na mama wapeane namba na waahidiane.

Shangazi Songea
Na mkwe asisubiri mabaya tu ndipo apige. Akipigiwa na mumewe, baada ya dakika ampigie na mama. Haigharimu kitu.

Mama G
Mmeongelea kupata habari kwenye simu za watu. Ngoja niwape ya kwangu.

Mwanzoni mwa 2025 mwanangu alikuwa na kikosi cha nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, upande wa Goma, Kongo. Mji ulipoingiwa na waasi wa M23 mawasiliano yakakatika. Tupo katika hali hiyo, shemeji yangu akapokea picha kwenye grupu, mwanajeshi amelala kifudifudi, bendera yetu begani, uso hauonekani. Akasema huyu ni mwanetu, mkono ule naujua. Hakuja kwangu. Akapeleka kwenye grupu la ukoo.

Kufika jioni turubai limefungwa uani. Viti vimeletwa, masufuria makubwa yametoka kwa balozi, kina mama wamewasha kuni. Mimi nimekalishwa mkekani na kanga begani na hakuna aliyeniuliza. Daftari la rambirambi likafunguliwa, shemeji ndiye mhazini. Nilikataa kulia. Niliwaambia mwanangu alichukuliwa kwa kiapo, mbele ya bendera, na waliomwapisha ndio watakaoniletea habari zake. Wakanong'ona, mama kachanganyikiwa, mwacheni.

Kisha ikatoka taarifa ya jeshi: wawili wamefariki, wanne wamejeruhiwa. Vilio vikaanza upya. Nikamwita mpwa wangu pembeni, nikampa nauli, nikamwambia nenda mpaka kwenye lango la kikosi alichotoka, taja jina lake na namba yake, usirudi na hadithi, rudi na jibu. Akarudi. Jibu lilikuwa jina lake halimo, si kwa waliokufa wala waliojeruhiwa.

Nikasimama, nikaenda kwenye mti, nikafungua kamba ya kwanza ya turubai kwa mkono wangu. Upande mmoja ukashuka juu ya wanaume waliokuwa wanacheza bao. Ndipo watu wakaelewa.

Siku alipopiga bado nilikuwa na mashangazi ndani hawajaondoka. Akasikia kelele akauliza, "Mama, kuna sherehe gani hapo?"

Kijana wa Tabora
Mama G wewe ni kamanda kamili!

Mama Pili
Mama G, nimecheka na kulia. "Rudi na jibu." Nimeliandika.

Fundi Selemala
Rambirambi zilirudishwa?

Mama G
Zote, jina kwa jina. Daftari ninalo mimi.

Fundi Selemala
Na mchele uliokwisha kuliwa?

Mama G
Huo alilipa shemeji.

Baba Watatu
Mnamlaumu bure huyo shemeji. Mtu akiona picha kama ile anafanyaje? Akae nayo?

Shangazi Songea
Ndiyo, akae nayo! Au ampelekee mkubwa wa ukoo, waende wawili kikosini. Kumsambaza mtoto wa mwenzako kwenye grupu kabla hujamwona mama yake ni ukatili, Baba Watatu, usiutetee.

Baba Watatu
Sitetei, nasema hofu humpata kila mtu.

Mzee Kombania
Nimestaafu jeshini, nimewahi kutumwa kupeleka taarifa hizo, na ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya nikiwa na sare. Habari ya namna hiyo hupelekwa na watu, uso kwa uso. Kwa hiyo kina mama, picha ya kwenye simu isiwakalishe mkekani. Mama G alifanya kilicho sahihi.

La pili, msiwaulize watoto mahali walipo, na msiweke mtandaoni kwamba kijana wangu yupo sehemu fulani. Anayesoma si rafiki zenu peke yao. Na zile picha za kombati mnazojivunia, ziangalieni ndani ya nyumba.

La tatu, mnapoongea naye msimmwagie matatizo ya nyumbani. Mtu aliye zamu na moyo wake upo Lindi hayupo zamu.

Mama Koplo
La tatu nakukatalia, Mzee, kwa heshima zote. Baba yao alipougua ukoo mzima ulisema tusimwambie mtoto, atachanganyikiwa huko Darfur. Akaja kujua mgonjwa hawezi tena kuongea. Alinambia, "Mama, mngenipa hata siku moja ya kusikia sauti yake." Mimi sasa nawaambia yote. Nachagua saa tu.

Mzee Kombania
Nimekusikia mama. Kwa ugonjwa wa mzazi nakubaliana nawe. Ila ugomvi wa mipaka ya shamba hapana.

Bi Mkubwa Tanga
Ugomvi wa shamba anapaswa kuujua, shamba ni lake!

Mjukuu wa Kaboya
Mnaongelea simu. Bibi yangu alimtoa mjomba wakati wa vita vya Kagera, 1978. Alisikia hotuba ya Mwalimu redioni, ile ya uwezo, sababu na nia, na wiki ile ile mjomba akapita nyumbani kuaga akiwa amesimama, lori linamngoja barabarani. Baada ya hapo ni barua, zinakuja moja baada ya miezi, zimeandikwa kwa penseli. Bibi hakujua kusoma, akisomewa mara ya kwanza anasema rudia. Vita vikaisha 1979, wa jirani wakarudi, wake hakurudi. Yupo makaburi ya Kaboya, Muleba. Bibi alifika kule uzeeni, tulimpeleka sisi wajukuu. Alitafuta jina kwa vidole kwa sababu macho yalikuwa yameshakwenda.

Mama Pili
Ee Mola. Bibi yetu sote huyo.

Mama wa Mgeni
Shikamooni. Mimi ndiye jirani wa Mama Koplo aliyeandikwa hapo juu, amenitumia nisome. Nimesoma nimezidi kuogopa lakini nimeacha kulia. Naomba kuuliza jambo dogo: binti abebe nini huko JKT?

Kijana wa Tabora
Mama, orodha inatoka pamoja na wito, ifuateni hiyo. Kwa kawaida ni bukta ya bluu iliyokolea isiyo na zipu inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi nyeusi ndefu, na traksuti. Raba azivae wiki nzima kabla ya safari, mpya zitamtoa malengelenge siku ya kwanza.

Shangazi Songea
Mwongezee mafuta ya kujipaka ya kutosha.

Mzee Kombania
Na asibebe simu ya gharama.

Bi Mkubwa Tanga
Abebe simu! Mama yake atampataje?

Mzee Kombania
Atampata siku akiruhusiwa, Bi Mkubwa.

Mama G
Nguo za kiraia asijaze begi. Na akirudi na fulana za jeshi mwanamke usizivae shambani. Mimi nilikuwa na koti la zamani la mwanangu, nalimia nalo asubuhi za baridi, mikono imekunjwa mara mbili kwa urefu wake. Agosti 2023 jeshi lilipotoa siku 7 za kusalimisha sare na nguo zinazofanana nazo nikalifua, nikalipiga pasi, nikalipeleka. Yule askari aliyelipokea akaniuliza ni la nani, nikamtajia mpaka namba yake.

Mke Halali
Mama Koplo, nimempigia mama mkwe leo asubuhi. Hakupokea. Nimejaribu tena mchana, amepokea, tumeongea habari za watoto. Suala la fomu bado.

Bi Mkubwa Tanga
Jaribu tena kesho, mkwe. Atalainika.

Nyina wa Sajini
Kuna mama yeyote hapa mwenye mtoto Jamhuri ya Afrika ya Kati, zile namba za +236? Dada yangu wa Mwanza wa kwake ameondoka juzi, hajamsikia, na hana wa kumuuliza kama mtandao wa huko ndivyo ulivyo.

Mama Koplo
Binti yangu ametoka huko. Kukaa kimya wiki za mwanzo ni kawaida, hubadilisha laini wakifika. Mwambie aniandikie pembeni, nitampa namba yangu.