Naomba ushauri: mwani unaua vipande vyetu vya matumbawe

Habari wadau. Nipo Praslin, Shelisheli, nasaidia utafiti mdogo wa kuotesha matumbawe kwenye kamba chini ya maji. Mwaka 1998 joto la bahari liliua zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai kuzunguka visiwa vya ndani, na 2016 likapiga tena, kwa hiyo kila kipande kinachokufa kinaniuma.

Sasa mwani wa kijani, laini kama pamba, unazizingira kamba na vipande vinapauka kuanzia shinani. Tunasugua kwa mswaki. Wiki haipiti umerudi.

Mliowahi kuifanya kazi hii, tushushe kamba kwenye kina kirefu zaidi, au tuzisogeze karibu na mwamba ili samaki aina ya tafi waule huo mwani? Nahofia samaki aina ya pono wasije wakatafuna na matumbawe yenyewe.